Upindo wa Ndani

Anayefunga rimu kubwa hutaka zionekane. Jambo hilo halina haja ya kufichwa, wala silioni kuwa kosa. Rimu hununuliwa kwa macho: kwa mng'ao wake, kwa wembamba wa mikono yake, kwa namna tairi linavyoijaza fenda mpaka gari likaonekana limekaa sawasawa barabarani. Lakini nafasi ya kukiweka hicho kinachoonekana hutafutwa mahali ambapo hapatazamwi na mtu. Ipo juu ya tairi, upande wa ndani wa ukingo wa fenda, mahali ambapo wenye magari wengi hawajawahi kupeleka mkono tangu walipokabidhiwa funguo.

Peleka mkono, gari likiwa limepoa. Utagundua kwamba bati la fenda haliishii pale linapoonekana kuishia. Likifika ukingoni hugeuka na kuingia ndani, milimita 10 katika magari fulani, 20 au zaidi katika mengine, likafanya upindo unaofuata duara lote la tairi. Upindo huu haukuwekwa kwa urembo. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hivi, na bati jembamba namna hiyo lisipokunjwa ukingoni hutetemeka, hupinda kwa kuegemewa tu, na humkata anayelishika. Kwa magari mengi, fenda ya mbele ni kipande kinachofungwa kwa bolti; ikiharibika unafungua na kuweka nyingine. Ya nyuma ni mwili wa gari wenyewe. Pale upindoni ndipo bati la nje na bati la ndani yanapokutana, yakachomelewa kwa nukta na kuzibwa kwa silanti ili maji yasipenye katikati yake.

Sasa njoo kwa aliyebadilisha rimu. Akiwa peke yake garini, hasikii kitu. Hapa Mombasa anavuka daraja, anapita Nyali, anafika Kisauni, kila kitu kiko shwari. Siku ya harusi anawapakia mama na shangazi zake wawili kiti cha nyuma, gari linakaa chini, na kwenye tuta la kwanza tu sauti inatoka kama kitambaa kinachochanika. Upindo umeligusa bega la tairi. Kwenye tuta la pili unaligusa tena. Baada ya mwezi wa harusi, hitima na safari za Mtwapa, tairi limechongwa mfereji kuzunguka bega lake, na hilo ndilo jambo la hatari.

Wengi husema tatizo ni ukubwa wa rimu. Mara nyingi sivyo. Ukitoa tairi la 205/55R16 ukaweka la 225/45R17, kipenyo kilikuwa milimita 632 na sasa ni 634. Rimu imekua kwa inchi moja, lakini ubavu wa tairi umepungua karibu kiasi hicho hicho, na kwenda juu hakuna kilichoongezeka cha kusumbua mtu. Kinachogusa upindo ni upana, na zaidi ya upana ni ile namba ndogo iliyochorwa nyuma ya rimu, herufi ET na tarakimu mbili mbele yake. Namba hiyo, ofseti, hueleza uso unaofungwa kwenye habu uko mbali kiasi gani na mstari wa katikati ya rimu. Ikipungua, rimu inatoka nje.

Tuchukue mfano. Gari lilikuwa na rimu ya upana wa inchi 7 yenye ET 48. Mwenye gari akapata za inchi 8 zenye ET 35, bei nzuri, hazina mkwaruzo. Upana umeongezeka milimita 25.4, ambazo zikigawanywa pande mbili ni 12.7 kila upande. Ofseti imepungua milimita 13, zote za kwenda nje. Kwa hiyo upande wa ndani, karibu na shokomzoba, hakuna kilichobadilika. Upande wa nje rimu imesogea milimita 25.7. Yeye amenunua inchi moja, na inchi hiyo yote imehamia kwa fenda.

Na upindo una nini cha kutoa? Ukiwa na milimita 15, ukakunjwa mpaka ukalala kabisa ndani ya fenda, utatoa 13 hivi, kwa kuwa bati lenyewe lina unene wake. Deni ni 26, mfuko una 13. Pengine gari lilikuwa na nafasi ya kutosha tangu kiwandani na hesabu ikafunga, pengine haikufunga. Ninachojua ni kwamba hesabu hii hufanywa kwa kalamu na karatasi kabla pesa haijatoka, na kwamba wengi huifanya kwa kusikiliza sauti baada ya pesa kutoka.

Nafasi inapokosekana, wanadamu wana njia tatu. Ya kwanza ni kukata. Japani kuna fundi maarufu, Akira Nakai wa RWB, ambaye huzikata fenda za Porsche kwa msumeno na kufunga pana zaidi juu yake kwa skrubu zinazoonekana wazi. Matajiri wa nchi mbalimbali humwita kuja kuyakata magari yao, na kazi yake ina heshima yake: haifichi kitu, jeraha lenyewe ndilo pambo. Njia ya pili ni kuivuta fenda itoke nje, bati likafanya tumbo kidogo. Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayonikalisha kitako kuandika, ni kuukunja ule upindo uingie ndani na kulala, fenda ikabaki na sura ile ile iliyotoka nayo kiwandani, rangi ikabaki nzima, na mpita njia asijue kwamba kuna kilichofanyika.

Mazoea ya njia hii ya tatu yana uhusiano na nchi magari yetu yanakotoka. Japani, ukaguzi wa lazima wa magari kwa muda mrefu haukuruhusu tairi kuchomoza nje ya fenda. Ni mwaka 2017 tu ambapo sheria ililegezwa kidogo na mpira wa tairi ukaruhusiwa kuzidi kwa chini ya milimita 10. Kijana wa Osaka aliyetaka rimu pana na bado apite ukaguzi alilazimika kutafuta nafasi ndani ya fenda, si nje yake. Ustadi mkubwa mara nyingi huzaliwa na mtu aliyetaka jambo kubwa akaambiwa asivuke mstari.

Kukunja kwenyewe kunaonekana rahisi. Marekani vijana walizoea kutumia gongo la besiboli: linachomekwa kati ya tairi na fenda, gari linasukumwa taratibu mbele na nyuma, na gongo linaviringika huku likiukandamiza upindo. Kwetu gongo la besiboli ni adimu, lakini kipande cha bomba hakikosekani, na bomba hufanya kazi ile ile kwa ukatili zaidi. Upindo unakunjika, ndiyo. Ila nguvu haipimiki, kipande kimoja kinalala na kingine kinabaki kimesimama, uso wa fenda unapata mawimbi, na rangi inachubuka mpaka chuma.

Chombo cha kazi hii ni mkono wa chuma unaofungwa kwenye habu kwa nati zile zile za tairi, ukiwa na rola ya plastiki ngumu kwenye ncha yake. Kwa kuwa unazunguka pale pale tairi linapozunguka, rola hupita kwenye njia ya duara ya fenda. Kuna skrubu ya kuurefusha mkono na nyingine ya kubadilisha mlalo wa rola. Hata hapo kuna mtego. Gari likiinuliwa kwa jeki, tairi likitolewa, habu inaning'inia chini kuliko mahali pake pa kawaida, na duara la rola haliendani tena na duara la fenda. Fundi makini huweka jeki ya pili chini ya mkono wa springi, akaipandisha habu mpaka karibu na kimo inachokuwa gari likiwa barabarani, ndipo akaanza. Asiyejua hilo hukandamiza sana katikati na kuziacha pembe.

Lakini kwa nini rangi ipasuke? Bati limekunjwa tu, halijapigwa nyundo. Jibu liko kwenye jiometria, na tangu niifanye hesabu yake siwezi tena kuutazama upindo kwa macho ya zamani. Tuseme duara la fenda lina nusu kipenyo cha milimita 340. Ukingo wa upindo, unapoelekea ndani ya gari, uko kwenye duara la 340 hizo hizo. Ukiukunja kwenda juu ulale nyuma ya bati, upindo wa milimita 15 unaupeleka ukingo ule kwenye duara la 355. Duara limekuwa kubwa, na ukingo hauna bati la akiba la kuongeza. Lazima urefuke kwa zaidi ya asilimia 4. Kwa maneno mengine, upindo haukunjwi tu, unavutwa kwa urefu wake wote. Chuma laini cha bodi kinaweza kuvumilia mvuto huo kikipewa muda. Rangi iliyo juu yake haina subira ya namna hiyo.

Rangi hiyo nayo si kitu kimoja. Kutoka chumani kwenda nje kuna tabaka la kuzuia kutu ambalo bodi hupakwa ikiwa imezamishwa ndani ya dawa yenye umeme, kisha tabaka la msingi, kisha rangi yenyewe, kisha klia inayong'aa. Yote kwa pamoja hayazidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia ndiyo nene kuliko zote, na ndiyo ngumu. Ikiwa baridi, ukiivuta inapasuka. Ikipashwa joto inalegea, inafuatana na chuma, na ikipoa inashika umbo lake jipya. Wahenga walituachia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Gari linalofika bandari ya Kilindini si bichi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na wengi wetu hununua la mwaka wa saba au wa nane kwa kuwa ndilo tunaloliweza. Klia yake imekwisha kukaushwa na majira ya joto na baridi za nchi nyingine. Kazi ya joto ni kumrudisha samaki kwenye ubichi kwa dakika chache.

Dakika chache, na kwa kiasi. Mashine ya kupuliza hewa moto inaweza kutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi, na ikisimama mahali pamoja hufanya rangi ivimbe malengelenge. Bati linatakiwa lifike nyuzi 55 hadi 65 hivi. Kwa hiyo mashine haitulii: inapita mbele ya rola, inarudi, inapita tena. Rola inafuata ikikandamiza kidogo tu. Mzunguko wa kwanza hausogezi kitu cha kuonekana. Skrubu inakazwa robo, joto linapita tena, rola inapita tena. Chuma kikisukumwa kidogo hurudi kilipokuwa. Kikisukumwa zaidi hubaki, lakini hata hapo hurudi nyuma kidogo, kikidai kipande cha umbo lake. Kila mzunguko ni majadiliano juu ya kipande hicho. Anayekaza skrubu nusu nzima ili amalize kabla ya adhuhuri hupata ufa, na ufa wa klia hauna dawa ila kupaka upya.

Nimeitazama kazi hii kwa karibu katika gereji moja upande wa Changamwe, kwa fundi ambaye ningemwita mtu mzima lau si kwamba anapanda juu ya magari kwa wepesi kuliko vijana wake. Siku hiyo kulikuwa na Subaru Impreza ya buluu, na mwenyewe, kijana aliyevaa shati la kazini, alikuwa amezikalisha rimu zake nne sakafuni juu ya kipande cha boksi, zisichafuke. Fundi hakugusa rola. Kwanza alifungua skrubu za bampa pale linapokutana na fenda, akatoa kava la plastiki la ndani, maana rola haichagui, ikikutana na kishikizo cha plastiki inakivunja. Halafu akalowanisha kitambaa, akausugua upindo upande wa ndani mpaka tope lote likatoka. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya rola, alimweleza mwanafunzi wake, inapiga chapa kwenye rangi kwa kila mzunguko.

Kisha akaanza kugonga. Aligonga fenda kwa kifundo cha kidole, kutoka mbele kwenda nyuma, akiwa ameinamisha kichwa. Kulia nyuma, sauti ilikuwa moja mwanzo hadi mwisho. Kushoto nyuma, karibu na mlango, ikabadilika, ikawa nzito. Akachukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaiburuta pale pale. Mahali pengine ilivuta, hapo ikateleza.

"Mwanangu, karatasi ya mnada unayo?"

"Ninayo kwenye simu, Ami."

Karatasi ya mnada wa Japani ina mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi, na kwenye kila kipande mkaguzi huandika alama. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa pakabaki na mawimbi, na namba inayofuata hueleza ukubwa wa tatizo. Kwenye ubavu wa nyuma wa kushoto palikuwa na W2. Kijana alikuwa ameiona alama hiyo tangu siku aliponunua. Alidhani ni mambo ya mnadani, ya watu wa huko.

"Hii ilizibwa kwa puti chini ya rangi," fundi akasema. "Nikiukunja upindo hapa, chuma kitakuja, puti haitakuja. Itapasuka, na rangi nayo. Huku kulia nitakukunjia sasa hivi. Kushoto sitagusa mpaka uamue: tuitoe puti yote, tuunyooshe ubavu, tukunje, ndipo tupake rangi, au urudishe hizi rimu utafute zenye ofseti ya 45."

Kijana aliuliza kama haiwezekani kujaribu taratibu, kwa joto jingi. Fundi akasema joto hulegeza rangi, halilegezi puti. Akaongeza kwamba hata rangi yenyewe ya upande ule haiaminiki. Ya kiwandani huokwa kwa nyuzi 140 hivi, na nyuzi 60 kwake ni kama jua la mchana. Ya gereji haikuokwa hivyo, na nyingine hazikuokwa kabisa, zimekaushwa kwa upepo. Moto unaoirudisha ya kulia kwenye ubichi unaweza kuiinua ya kushoto kutoka chumani.

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, kuliko nilivyofikiri juu ya rola. Tunazungumza juu ya kukunja fenda kana kwamba swali ni la mkono: nani ana mkono mwepesi, nani ana chombo kizuri. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kulijua bati. Kuna magari ambayo fenda zake za mbele si chuma kabisa. Nissan X-Trail ya kwanza, iliyojaa barabara zetu, ina fenda za mbele za plastiki, na hapo hakuna cha kukunja. Kuna magari ya fenda za alumini, ambazo hunyumbulika kidogo tu kisha hukatika. Na kuna yaliyo mengi kuliko yote, magari ya chuma ambayo yamewahi kugongwa, yakanyooshwa, yakapakwa, yakang'arishwa na kuuzwa kwa mtu anayeamini macho yake. Gari linaweza kukaa na siri hiyo miaka kumi bila kumsumbua mtu. Siku unapolidai zaidi ya lililozoea kutoa, ndipo siri inapotoka. Rola haisababishi udhaifu wa pale. Inaufikia tu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba ukunjaji mzuri ni ule usiopasua rangi. Rangi isiyopasuka siku ya kazi ni nusu ya habari, na kwetu pwani ni chini ya nusu. Upindo uliolazwa unatengeneza mfuko mwembamba kati yake na bati la fenda, na mfuko huo unaangalia barabara. Tairi linautupia tope, tope linashika unyevu, na hewa ya bahari inaongeza chumvi. Silanti ya kiwandani iliyokuwa ikiuziba mshono wa nyuma imevutwa kama kila kitu kingine, na silanti kuukuu haivutiki vizuri. Ikiachia kwa upana wa unywele tu, maji yameshapata njia. Nje rangi inang'aa, mwenye gari anapongezwa, huku ndani kutu inakula bila haraka. Baada ya masika mawili au matatu, kijipele kidogo kinatokea ukingoni mwa fenda, na mtu anasema rangi ya siku hizi ni mbovu.

Fundi yule, alipomaliza upande wa kulia, hakufunga tairi. Aliwasha taa ya simu, akajilaza chali, akapita upindo wote kwa ukucha akitafuta mahali panapokwaruza. Alipopata, alisugua kwa msasa laini, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo, akaacha ikauke. Halafu akajaza silanti mpya kwenye mshono wote, akaisawazisha kwa kidole kilicholowa. Ilimchukua muda karibu sawa na ule wa kukunja. Kijana alikuwa ameshahamia kwenye rimu zake akizifuta vumbi. Hakuna lawama, nani huja gereji kutazama silanti?

Hapo ndipo palipo na ugumu wa biashara hii. Mteja hulipia kinachoonekana, na ubora wa kazi hii wote uko kwenye kisichoonekana. Fundi wa bomba na fundi wa rola wanakabidhi gari linalofanana siku hiyo hiyo, mmoja kwa bei ya nusu. Tofauti yao itajulikana mvua zikija na kwenda, na kufikia hapo huenda gari limeshauzwa. Soko halina njia ya haraka ya kumtambua mwaminifu. Kinachomfanya ajaze silanti ni yeye mwenyewe, na pengine lile jicho la mwanafunzi aliyesimama pembeni akijifunza kwamba kazi ina mwisho wake na kwamba mwisho huo si pale mteja anapoacha kutazama.

Kuna watakaouliza kama haya yote yana faida. Watu wana shida za maji na karo, na sisi tunapima milimita za rimu. Swali hilo husikika la busara, ila naliona kavu. Ile Impreza ilibuniwa na watu wasiomjua mnunuzi wake wa Mombasa, ikauzwa kwa mtu wa kwanza ambaye naye hakumjua. Nchi hii imelipenda gari hilo kwa sababu zake yenyewe: vizazi viwili vimesimama kando ya barabara za vumbi kutazama Safari Rally, vikamwona Colin McRae akishinda na Subaru mwaka 1997 na Richard Burns akishinda nayo mwaka 2000. Kijana anayepanua tairi analiita gari hilo kwa jina lake. Hajipatii mwendo, hajipatii starehe. Mara nyingi anapoteza zote mbili kidogo. Anajipatia haki ya kusema kwamba kitu kilichopita mikononi mwa wengi kimefika kwake na kimekoma kuwa cha wengi. Binadamu amefanya hivyo kwa milango, kwa vyombo vya bahari na kwa matatu, na kumkatalia mwenye Subaru ni kumwonea.

Nikubali tu kwamba haki hiyo ina masharti, na masharti yenyewe hayakuwekwa na serikali wala na wazee. Yamewekwa na bati. Ukitaka milimita 26 kwenye fenda yenye 13, hakuna fundi, hakuna joto, hakuna dua itakayozitoa nyingine bila kukata au kuvuta. Ukitaka kukunja pale palipozibwa kwa puti, utalipa kwanza deni la mtu aliyegonga gari hilo kabla hujalijua. Yanayosalia ni hiari yako. Na hiari nzuri mara nyingi ni ndogo kuliko tamaa: kukunja sehemu ya juu tu ambapo tairi linafika, si duara zima, kuukunja upindo nusu, ukabaki umelala kwa mlalo badala ya kugandamizwa mpaka mwisho, kwa sababu bega la tairi lilihitaji milimita 6 tu, au kuchagua rimu ya inchi 8 yenye ET 45, ambayo inatoka nje milimita 15.7 badala ya 25.7, ikaingia ndani kidogo kuelekea shokomzoba, na kuuacha upindo kwa amani.

Kijana yule alichukua muda kuamua. Alipiga simu mbili, akapiga hesabu ya kunyoosha ubavu na kupaka rangi, akaona inazidi bei ya rimu zenyewe. Mwisho aliondoka na tairi zake za zamani, rimu zikiwa nyuma kwenye buti, akisema atazibadilisha na jamaa mmoja wa Bamburi mwenye za ofseti kubwa. Upande wa kulia wa gari ulikuwa umeshakunjwa na kulipiwa, wa kushoto haukuguswa. Nilimuuliza fundi kama haoni haya kuachia gari lenye upande mmoja namna hii na mwingine namna ile. Akasema pande zile hazikuwa sawa hata kabla hajazishika, na kwamba yeye hulipwa kukunja, halipwi kusema uongo kwa niaba ya bati. Tangu siku hiyo, nikiombwa ushauri kuhusu rimu, siulizi mtu ana fundi gani. Namuuliza kama ameisoma karatasi yake ya mnada, na ni milimita ngapi anazohitaji kweli. Wengi hawana jibu la swali la pili, na hao huwaambia wasinunue bado.